Mume wangu alisema "Karibu", kisha akanyamaza tena

Shikamoo Mama,

Nakuandikia usiku, watoto wamelala na yeye amelala. Mume wangu ana miaka 36, ni fundi cherehani, ana kibanda chake hapa Morogoro na vijana wawili anaowafundisha kazi. Mwaka juzi alianza kuanguka kifafa. Mara ya kwanza alikuwa anakata sare za shule, mkono wa kulia ukaanza kuchezacheza wenyewe, ukaukamata mkasi ukakataa kuuachia, halafu akaanguka. Tulihangaika kwanza na dawa za kienyeji, sikufichi, mpaka kipimo cha MRI kilipoonyesha uvimbe kwenye ubongo, upande wa kushoto, juu kuelekea mbele. Walituambia unakua taratibu na huenda umekaa humo miaka mingi.

Amepasuliwa siku 19 zilizopita katika hospitali kubwa Dar es Salaam. Aliingia chumba cha upasuaji akiongea, ananitania kwamba wakimnyoa vibaya atadai punguzo. Alipozinduka kutoka nusu kaputi hakusema neno. Mkono na mguu wa kulia havikunyanyuka. Kesho yake daktari alipita na kundi la wanafunzi, akasema "hii hutokea, itarudi," akasogea kitanda kingine. Hakuna aliyetukalisha kabla kutueleza kwamba mtu anaweza kutoka akiwa bubu. Siku ya 9 tuliruhusiwa tukiwa na mfuko wa dawa na tarehe ya kliniki.

Mama mkwe amekuja kutoka Matombo kunisaidia. Anampenda mwanawe, siwezi kumlaumu. Anamlisha kijiko kwa kijiko, anamvalisha, wageni wakimsalimia mgonjwa yeye ndiye anayeitikia. Shemeji yangu anasema wamekata sehemu ya kuongea na hairudi, twende kwa wakili. Wengine wanasema amesusa, kwa sababu macho yanatazama na machozi yanamtoka, lakini hajibu. Kuna aliyesema dawa za kifafa ndizo zinazomfunga ulimi, tuziache tuone.

Mama, kuna mambo mawili sijamwambia mtu. Usiku wa Jumapili mbu alimtua shavuni, na mkono ule ule wa kulia ukapanda ukampiga. Asubuhi nikamwambia "hebu nyanyua mkono," akautazama tu, haukusogea. La pili ni la juzi. Jirani yetu alibisha hodi, na kabla sijafungua mdomo, mume wangu akasema "Karibu." Wazi kabisa, kwa sauti yake. Nilidondosha sufuria. Nikamkimbilia, nikamwambia sema tena, sema jina langu. Kimya. Akalia.

Je, bado yumo? Kipande walichotoa kinaota tena? Wanasema wamebakiza uvimbe kidogo kwa makusudi na huenda baada ya miaka akapasuliwa tena. Nitakubalije baada ya haya? Na kesho asubuhi nianzie wapi?

Mke wa Fundi, Morogoro

*

Marahaba mwanangu,

Pole sana. Nimekuwa muuguzi kwa miaka 27, na zaidi ya nusu ya miaka hiyo ilikuwa katika wodi ya upasuaji wa ubongo, kwa hiyo barua yako nimeisoma nikiwaona wagonjwa wangu. Sijamgusa mumeo wala sijaona picha zake. Ninachokuambia hapa kibebe uende nacho kliniki ukawaulize waliompasua. Lakini mambo mawili uliyoyaficha ndiyo habari kubwa kuliko zote katika barua yako, na kwa hayo nina moyo mkubwa juu ya mumeo.

Tuanze na mbu. Mkono ambao njia yake kutoka kwenye ubongo imekatika kabisa hauwezi kupanda hadi shavuni, hata mwenyewe atake namna gani. Mkono wa mumeo ulipanda, ukalenga, ukapiga. Misuli ipo na njia ipo. Kilichokosekana asubuhi ulipomwambia anyanyue ni ule mwanzo wa kufanya kitu kwa hiari. Juu kabisa ya ubongo, mbele kidogo ya sehemu inayoamrisha misuli, pale nusu ya kushoto inapotazamana na nusu ya kulia, kuna eneo ambalo kazi yake kubwa ni kuanzisha: hatua ya kwanza ya kutembea, mkono kunyanyuka kwa kutaka, neno la kwanza kutoka mdomoni. Uvimbe wa aina hii unaokua polepole hupenda sana kukaa hapo. Kwa jinsi ulivyoeleza mahali ulipokuwa, na kwa namna kifafa chake kilivyoanzia mkononi, nadhani hapo ndipo walipofanya kazi. Waulize, watakuonyesha kwenye picha.

Mwaka 1977 madaktari wa Paris, Laplane na wenzake, waliandika yanayowapata watu waliotolewa eneo hilo, na hadi leo maelezo yao ndiyo tunayoyaona wodini. Kwanza mgonjwa hutulia kama aliyezimwa, hasemi, na upande mmoja hausogei. Kisha katika wiki zinazofuata mwendo na maneno hurudi kidogo kidogo, lakini mtu hubaki mzito wa kuanza: ukimuuliza atajibu, usipomuuliza hasemi. Hatimaye, baada ya miezi, mambo mengi huwa yamerudi, na kinachobaki ni ugumu wa kazi inayotaka mikono miwili ipokezane haraka. Huko kurudi kunawezekana kwa sababu eneo kama hilo la upande wa pili wa ubongo hupokea kazi.

Hilo la mikono miwili sitaki ulipite. Mumeo ni fundi. Mkono wa kulia unasukuma gurudumu la cherehani, wa kushoto unaongoza kitambaa, miguu inakanyaga. Huenda atakaporudi kibandani akashangaa kwamba anaongea vizuri, anatembea vizuri, lakini mikono inagongana kwenye pindo la suruali. Ujue mapema, na yeye ajue, asije akadhani ugonjwa umerudi.

Sasa "Karibu." Ulidondosha sufuria, na mimi ningedondosha. Daktari mmoja Mwingereza wa karne ya 19, John Hughlings Jackson, aligundua kwamba watu waliopoteza usemi bado huweza kuapa, kusalimia na kusali. Maneno hayo hayatungwi upya kila mara. Hutoka yakiwa yameshafungwa kifurushi. Kwetu sisi, hodi na karibu ni kifurushi kimoja. Mtoto anajifunza kabla hajajua rangi. Anayebisha ameshalianzisha neno, aliye ndani analimalizia. Mumeo hakuhitaji kuanzisha chochote, jirani alimwanzishia. Ulipomwambia "sema jina langu," ulimrudisha kwenye mlango uliofungwa, ndiyo maana akalia. Hajasusa. Mtu aliyesusa hajibu hodi halafu akalia kwa kushindwa kumtaja mkewe.

Nilikuwa na mgonjwa kijana, kondakta wa daladala. Wiki mbili baada ya upasuaji hakuwa anasema hata jina lake. Asubuhi moja nikiwa nafunga pazia la kitanda chake nikasema, si kwa hesabu yoyote, "Haya, Ubungo..." Akamalizia: "Ubungo, Manzese, Magomeni, Posta, Posta!" Kwa mlio ule ule wa mlangoni. Wodi nzima iligeuka. Mama yake alikuwa ameinama anakunja kanga, akabaki ameinama hivyo hivyo, hakuamini. Tulitumia vituo vya daladala kama ngazi: leo amalizie njia nzima, kesho nimwachie kituo cha mwisho tu, keshokutwa nimuulize, "Mama anashuka wapi?" Siku aliponijibu "Magomeni" kwa swali ambalo halikuwa wimbo, nilijua kazi imeshika.

Umeuliza kama kipande kilichotolewa kinaota tena. Hakioti. Seli za ubongo zilizoondoka zimeondoka, na usimruhusu mtu akuuzie dawa ya kuziotesha. Kinachotokea ni kingine. Ubongo una seli za neva zipatazo bilioni 86, na nguvu yake iko katika jinsi zilivyoungana. Miungano hiyo hubadilika kila siku kwa kazi inayofanywa.

Fikiria soko. Soko Kuu la Kariakoo lilipoungua Julai 2021, wafanyabiashara walilala wana vizimba wakaamka hawana. Kiharusi kiko hivyo. Uvimbe wa taratibu ni tofauti. Uvimbe huo wa taratibu, ambao madaktari huuita wa daraja la 2, huongezeka kipenyo kwa wastani wa milimita 4 hivi kwa mwaka, kwa hiyo ni kama ujenzi unaosogea pole pole ndani ya soko. Muuza nyanya anahamia uchochoro wa pili, muuza vitenge anapanga kwenye kibaraza cha nduguye, wateja wanawafuata. Siku ile mumeo anakamatwa na kifafa cha kwanza, huenda ubongo wake ulikuwa umeshahamisha mengi bila yeye kujua. Ndiyo maana aliweza kukata sare za shule kwa miaka akiwa na uvimbe kichwani.

Shemeji yako anaposema wamekata "sehemu ya kuongea", hajatunga mwenyewe. Tangu mwaka 1861, Paul Broca alipouchunguza ubongo wa mgonjwa wa Paris aliyekuwa hawezi kutamka ila "tan", vitabu vimefundisha kwamba kuongea kuna kizimba chake kimoja, upande wa kushoto mbele, na kikiondoka basi. Sasa tunajua si hivyo. Wapo watu waliotolewa uvimbe wa taratibu pamoja na eneo lenyewe la Broca na wakaendelea kuzungumza, kwa sababu majirani wa eneo hilo walikuwa wameshachukua kazi. Lakini kuna mpaka, na nakuambia wazi. Vizimba huhama, barabara kuu za chini, nyaya nyeupe zinazounganisha sehemu moja ya ubongo na nyingine, hazihami kirahisi. Zikikatwa, hasara mara nyingi hubaki. Daktari mzuri wa upasuaji huo ana heshima kubwa kwa nyaya hizo, na mara nyingi uvimbe uliobakizwa "kwa makusudi" ni ule uliokumbatia barabara kama hiyo, au ulioko mahali ambapo kazi bado haijahama.

Hapo ndipo linapoingia swali lako la upasuaji wa pili. Huko Montpellier, Ufaransa, daktari Hugues Duffau na wenzake wamefanya kazi miaka mingi ya kuwapasua wagonjwa wa uvimbe wa taratibu wakiwa macho. Usishtuke. Ubongo wenyewe hauna hisia ya maumivu. Ngozi ya kichwa hupigwa ganzi, kisha mgonjwa huamshwa akawa anahesabu, anataja picha, ananyanyua mkono, huku daktari akigusa juu ya ubongo kwa umeme mdogo. Akigusa mahali maneno yakakatika, hapo hapakatwi. Njia hii ilishamiri mikononi mwa Wilder Penfield kule Montreal, Kanada, tangu miaka ya 1930, na yeye alikuwa akiweka vikaratasi vidogo vyenye namba juu ya ubongo kuweka alama. Kundi la Duffau lilichoongeza ni subira. Walimpasua mtu, wakaacha sehemu iliyokuwa bado inafanya kazi, wakamrudisha nyumbani aishi na afanye mazoezi. Baada ya miaka walipompima tena, kwa wengine waliona kazi imehama kutoka pale, na mabaki ambayo mara ya kwanza hayakugusika sasa yakatoleka.

Kwa hiyo kubakiza si lazima kuwe kushindwa. Wala usiamue leo. Uvimbe wa daraja la 2 si wa kudharauliwa. Huweza kukua tena na kupanda daraja, ndiyo maana picha za MRI za kila baada ya miezi michache hazirukwi hata kama anaimba na kucheza. Kliniki waombe majibu ya kinyama walichokitoa na kukipima maabara, waulize kilichobaki kiko karibu na nini, na waulize kama wanafikiria mionzi au dawa na kwa nini sasa au kwa nini baadaye. Kama siku ya upasuaji wa pili itafika, uliza kama unaweza kufanyika akiwa macho. Andika majibu kwenye daftari. Utakapokuwa umeketi mbele ya daktari, nusu ya maswali yatakimbia.

Sasa kesho asubuhi, ambayo kwangu ndiyo kubwa.

Kesho asubuhi mama mkwe asimlishe. Najua naingia pabaya, na najua anafanya kwa upendo. Lakini ubongo unahamishia kazi mahali pale panapotumika. Mkono usiopewa kazi unapoteza hata ule uwezo uliobaki, na mgonjwa mwenyewe anazoea kuusahau. Kila kijiko anacholishwa ni zoezi alilonyang'anywa, na kila "hajambo" anayojibiwa ni neno ambalo kichwa chake hakikupata nafasi ya kulitafuta. Anaweza kumeza vizuri bila kupaliwa? Kama ndiyo, mwekee uji mzito bakulini, kijiko chenye mpini mnene ambao umeuzungushia kitambaa, mkono wa kulia mezani. Weka mkono wako juu ya wake, uanzishe wewe, nusu ya njia umwachie. Utamwagika. Tandika kitenge kuukuu na uache umwagike.

Kuna kisa cha mzee mmoja wa New York, Pedro Bach-y-Rita, mwalimu, aliyepigwa kiharusi mwaka 1959. Kiharusi ni kama ule moto wa soko niliousema, kigumu kuliko uvimbe wa mumeo. Mwanawe George, ambaye hakuwa mtaalamu wa mazoezi, alimwanzisha kwa kutambaa kama mtoto, bega limeegemea ukuta. Alimpa masufuria ayasugue kwa mkono mbovu, robo saa kuelekea huku, robo saa kuelekea kule. Majirani walikasirika kuona mzee wa heshima anatambazwa sakafuni. Ilichukua miezi na miezi, lakini mzee akarudi kufundisha. Alipofariki mwaka 1965 na ubongo wake ukachunguzwa, walikuta uharibifu mkubwa uko pale pale, haujapona. Aliishi na kufundisha kwa njia nyingine ambazo ubongo ulikuwa umezifungua kwa kusugua masufuria. Mwanawe mwingine, Paul, aliyekuwa daktari, alitumia maisha yake yote yaliyobaki kuchunguza jambo hilo.

Mwambie mama mkwe kisa hicho, kwa heshima, mkiwa wawili, si mbele ya wageni. Na umpe kazi ambayo ni yake peke yake. Mimi ningemwomba aongee na mwanawe Kiluguru. Mtu mwenye lugha zaidi ya moja hupata ajabu hii: baada ya ubongo kuguswa, lugha moja inaweza kutangulia kurudi na nyingine ikachelewa. Wapo ambao huanza na lugha ya utotoni, wapo ambao huanza na ile waliyoitumia zaidi kazini. Huwezi kujua kabla. Basi milango yote miwili ibishwe. Bibi amwanzishie vitendawili na nyimbo za shamba alizomwimbia akiwa mdogo, aishie katikati ya mstari, anyamaze. Kuimba mara nyingi huwa kwepesi kuliko kusema, na wataalamu wa usemi wana tiba nzima iliyojengwa juu ya maneno yanayoghaniwa. Kwetu wataalamu hao ni wachache, lakini daktari wa mazoezi ya viungo utampata hospitali ya mkoa. Usisubiri tarehe ya kliniki ya Dar ndipo uanze naye.

Wewe kazi yako ni kusubiri, na ni ngumu kuliko unavyodhani. Ukimuuliza jambo, uliza moja, fupi, kisha funga mdomo na uhesabu kimoyomoyo hadi 20. Usimkodolee macho; kunja nguo huku unasubiri. Usimwambie "sema." Mwanzishie: "Chai yako niweke su..." Umpe maneno ya vifurushi: kuhesabu, siku za wiki, sala mnayosali kila usiku, salamu. Redio na runinga zima wakati huo. Mpe dakika 10, kisha apumzike, kisha tena baadaye. Ubongo unaojipanga upya huchoka vibaya, na usingizi ni sehemu ya kazi yake. Wageni waje wawili wawili.

Na umletee cherehani. Akiweza kuketi sawasawa bila kuyumba, mketishe mbele yake, sindano imetolewa, mkanda umevuliwa ikibidi, miguu juu ya kanyagio. Uguse mguu wa kushoto uanze. Miguu ya fundi wa siku nyingi inaujua mdundo ule kama mdomo wa kondakta unavyojua vituo. Ikishakubali, mpe gurudumu kwa mkono wa kulia. Kisha chaki, achore mstari ulionyooka kwenye kipande cha khaki. Mkasi na sindano vingoje mpaka daktari wa mazoezi na wa kifafa waseme.

Kuhusu dawa, sauti yangu naipandisha. Dawa za kifafa zisiachwe. Kuzikata ghafla kunaweza kuleta kifafa kisichokatika, na hicho kinaua. Kama unaona zinamlaza mno au zimembadilisha tabia, mwambie daktari azibadilishe yeye. Vivyo hivyo dawa ya kupunguza kuvimba kwa ubongo baada ya upasuaji, kama bado anaimeza: hupunguzwa kwa hatua walizoandika. Akianguka, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, tazama saa. Zikipita dakika 5 ni hospitali. Pia mkimbize akipata homa, jeraha likitoa maji au usaha, kichwa kikizidi kumuuma na kutapika, akilala isivyo kawaida, au mkono ulioanza kurudi ukilegea tena. Na hayo machozi yatazame. Akiacha kula, akigeukia ukutani siku nzima, useme kliniki. Huzuni baada ya upasuaji wa ubongo hutibika.

Shemeji yako ana haki katika jambo moja: mlipaswa kuketishwa na kuelezwa kabla. Saini bila maelezo ni nusu ya ruhusa. Yule daktari alisema kweli kwamba hutokea, lakini kweli ya sekunde tano mlangoni haitoshi kwa mke atakayelala na swali hilo siku 19. Nendeni na mumeo kliniki, shemeji akiwepo, mdai maelezo hayo sasa, kwa upole na bila kuondoka mpaka myapate. Wakili anaweza kungoja. Wiki hizi ni za mkono na ulimi wa mumeo.

Sikuahidi kwamba atarudi kama alivyokuwa. Umri wa miaka 36, uvimbe wa taratibu, mbu na "Karibu" ndani ya wiki tatu: kwa haya niliyoyaona katika maisha yangu, ningekaa upande wa matumaini. Niandikie tena baada ya mwezi, uniambie gurudumu limeendaje.

Na huyo jirani, mwombe apite tena kesho jioni. Abishe hodi kama kawaida yake, kisha asimame mlangoni asubiri, na ndani ya nyumba asijibu mtu mwingine.